Nguo Nyeupe za Eda

Mama yangu alisilimu akiwa msichana, kabla hajaolewa na baba, na mpaka baba anafariki watu wa upande wa baba walikuwa bado wanamwita msilimu. Naomba uanze kwa kulielewa neno hilo, kwa sababu halikuwa tusi. Lilisemwa kwa upole, pengine hata kwa sifa: "Mke wa kaka ni msilimu, lakini anatushinda sote kwa swala." Ila mtu aliyezaliwa ndani ya dini haitwi hivyo hata akikaa mwaka mzima bila kuuona mswala. Mama aliitwa hivyo kila siku, na kila aliyemwita alijiona ana haki ya kuchungulia moyoni mwake kama mtu anavyochungulia chungu cha jirani.

Tulikaa Ngamiani, mjini Tanga, katika nyumba ya udongo na bati ambayo baba, fundi seremala, aliijenga na mama. Nasema na mama kwa sababu yeye ndiye aliyekandika kuta zote za nyuma kwa mikono yake, huku mimi nikiwa tumboni. Wakati wa maulidi wanawake wa ukoo walijaa uani kwetu kupika. Nakumbuka mwaka mmoja shangazi yangu, dada yake baba, alishika mwiko wa pilau akakataa kumpa mama.

"Wifi, kabla hujakoroga, nisomee Alhamdu nisikie. Isije ikawa imeshika kutu."

"Kilichoshika kutu ni sufuria yako, wifi," mama alimjibu. "Alhamdu yangu naisugua mara tano kwa siku."

Wanawake walicheka mpaka moshi ukawapalia. Mama alisoma, akapewa mwiko. Nami nilicheka. Nilikuwa nimeshaizoea ile michezo, na sikuona kwamba katika wanawake wote waliokuwa pale hakuna mwingine aliyewahi kuombwa asome ndipo apewe mwiko.

Baba alifariki katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa masika, kwa homa iliyomshika wiki moja tu. Tulibaki mimi, niliyekuwa nakaribia kuvunja ungo, na mdogo wangu wa kike ambaye alikuwa bado ananyonya. Mama akaingia eda.

Kwa vijana wa leo nieleze. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Pwani kwetu huvaa nguo nyeupe tupu, shuka moja ya kujifunga na nyingine ya kujitanda, zisizo na ua wala mshono wa rangi. Mama aliishika eda kwa namna ambayo hata shangazi hakupata pa kutia kidole. Vipuli alivivua siku ya kwanza. Wanja aliutupa. Mwanamume akipiga hodi, mimi ndiye niliyekwenda mlangoni.

Kwao mama ni Bonde, juu ya Muheza, katika kijiji cha misheni. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule pale, Mkristo aliyebatizwa utotoni. Mama alipoamua kusilimu, babu alinuna miaka miwili, kisha akaja Tanga na mkungu wa ndizi begani, akakaa barazani na baba yangu wakazungumza habari za mbao hadi magharibi. Baada ya hapo hakununa tena. Wakati wa Ramadhani akija kututembelea, alikuwa hali mchana mbele yetu, akisema tumbo lake limezeeka halitaki chakula cha mchana.

Eda ikiwa imebaki kama mwezi hivi, mtu alikuja na basi la Muheza akasema babu amefariki, mazishi kesho.

Mama aliketi kitandani. Kisha akanituma kwa shangazi. Shangazi alikuja akasimama mlangoni.

"Wifi, uko edani."

"Najua niko wapi. Ni baba yangu."

"Poleni sana. Lakini atazikwa kanisani."

"Atazikwa kaburini, wifi. Kanisani atapita tu."

"Ukienda watu watasema."

"Wamekuwa wakisema tangu niolewe," mama alijibu, na akaanza kumfunga mtoto mgongoni.

Mimi nilidhani atabadilisha nguo. Alikuwa na kanga nzuri za kisutu, na baibui lake lilining'inia msumarini. Nikamtolea. Akakataa. Alisema dharura inamruhusu kutoka, haimruhusu kuvua eda. Basi tulisafiri vile, yeye na nguo zake nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni, wanaume ndani ya basi wakisogea kumpa nafasi kwa sababu kila mtu wa pwani aliijua ile hali na aliiheshimu.

Kule juu hawakuijua. Kanisani mama alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mkono mmoja umeshika ukingo wa mlango. Hakuimba, hakupiga magoti, hakufanya ishara yoyote. Mimi nilikuwa ubavuni kwake na ninaweza kuapa. Alilia tu, kama binti yeyote anavyomlilia baba yake. Lakini katika misheni ile waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, wakubwa kwa wadogo, walivaa nguo nyeupe, na Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya ubatizo. Baadhi yao walikuwepo wamevaa hivyo hivyo, wameketi viti vya nyuma. Mchuuzi mmoja wa nazi kutoka Tanga alikuwa akipita na punda wake barabarani. Alitazama kupitia mlango ulio wazi, akamwona mke wa marehemu fundi amesimama kati ya watu wa kubatizwa, mweupe kama wao.

Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote. Kama mama angevaa kanga ya maua akaivunja eda, yule mchuuzi angemwona mgeni aliyekuja mazikoni, na angepita. Alishikwa kwa sababu aliishika eda.

Tuliporudi Tanga siku ya tatu tulikuta kufuli jipya mlangoni. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa ameketi barazani anachokonoa meno.

"Shikamoo, ami," nilisema.

"Marahaba. Wewe na mdogo wako nendeni kwa shangazi yenu. Shemeji, wewe wenzako wako Muheza."

"Shemeji, fungua mlango. Mtoto ana njaa."

"Mtoto wa kaka yangu atakula. Nyumba hii ni ya Waislamu."

"Na mimi ni nani?"

"Umeonekana," alisema ami. "Umeonekana umevaa."

Mama alimweleza. Alimweleza kwa utulivu, kama mwalimu, kwamba nguo zile ndizo alizotoka nazo nyumbani humu humu, shangazi ni shahidi. Ami aliendelea kuchokonoa meno. Sasa hapa pana jambo ambalo sikulijua siku ile, na ni vizuri ulijue mapema. Mume akifa akaacha mabinti wawili, sehemu kubwa ya nyumba ni ya mabinti. Mke ana fungu dogo, na ndugu wa marehemu hupata kinachobaki. Kwa hiyo aliyetushika sisi watoto ndiye aliyeishika nyumba. Na asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, wala hakai na watoto wa Mwislamu kuwalea. Neno moja tu, katoka dini, lilitosha kumwondolea mama mume wake aliyekwisha kufa, watoto wake waliokuwa hai, na ukuta alioukandika.

Shangazi alipoulizwa, alisema kweli kwamba mama alitoka nyumbani na nguo zile. Kisha akaongeza, machozi yakimtoka, "Lakini moyo wa mtu siujui."

Jambo lilifika kwa kadhi. Hakuwa mtu mbaya, na ingenifaa sana kama angekuwa mbaya, ningejua pa kuielekeza hasira yangu. Alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya upole. Wanaume walikaa mkekani mbele yake, ami kati yao. Mama aliketi upande wa pili wa pazia, lakini mimi nilikaa karibu na pengo la pazia, kwa sababu kadhi alitaka niwe karibu. Alikuwa ameshaniambia kwa kuniinamia kwamba mtoto wa umri wangu, wazazi wakiwa Waislamu, huulizwa mwenyewe anataka kukaa na nani. "Jiandae," aliniambia. Nikajiandaa.

"Bibi," kadhi alisema kumwelekea mama, "mimi sihukumu kwa maneno ya muuza nazi. Jambo ni jepesi. Tamka shahada hapa, tuisikie sote, twende zetu tukaswali adhuhuri."

"Sheikh, alfajiri ya leo nimeswali. Nimeitamka."

"Hatukuwepo, mwanangu."

"Aliyekusudiwa alikuwepo."

Mzee mmoja mkekani alicheka puani. Kadhi naye alitabasamu kidogo.

"Si vibaya kuirudia. Hata mimi nairudia kila siku."

"Wewe, sheikh, unairudia bila ya kuulizwa. Shemeji yangu huyo Ramadhani iliyopita nilimwona nyuma ya duka anavuta sigara mchana. Mwambie aitamke yeye kwanza."

"Mimi baba yangu Mwislamu," ami alisema. "Babu yangu Mwislamu. Mimi wa kuulizwa?"

"Basi aliyesilimu ni babu wa babu yako, wewe umerithi tu. Mimi nilisilimu mwenyewe."

Hapo kicheko kilikatika. Kadhi alimwonya mama asilete ushindani barazani. Akamsihi tena, na sauti yake nakumbuka ilikuwa ya mtu anayemsihi binti yake ale dawa. Ni maneno machache tu, alisema. Nami nyuma ya pazia nilikuwa nayasema kimoyomoyo, nikiyasukuma yaende kinywani mwa mama.

"Sheikh," mama alisema, "niliyatamka siku ninasilimu. Nikaulizwa siku ya harusi, nikatamka. Nikaulizwa nikijifungua, nikaulizwa jikoni nikishika mwiko, nikatamka. Leo mmeweka nyumba upande huu, na wanangu upande huu, mnaniambia nitamke. Nikiitamka leo itakuwa ni ya kununulia nyumba. Niliitoa bure. Siwezi kuiuza."

"Unakataa?"

"Nakataa kuulizwa."

Kadhi aliinamisha kichwa. "Umenifunga mikono," alisema, na nadhani aliamini hivyo. Kisha akatoa hukumu kwamba watoto wakae kwa shangazi yao, mali ya watoto isimamiwe na ami yao, na mke hana fungu. Mimi sikuulizwa kitu. Jibu langu nilikuwa nalo tayari, neno moja, nikatoka nalo vilevile mpaka uani kwa shangazi.

Mama alijaribu serikalini. Alikwenda Raskazone, kwenye ofisi moja yenye bustani mbele, akaingizwa kwa Mzungu fulani. Karani alifasiri. Mzungu alisikiliza, akasema sentensi mbili.

"Bwana anasema serikali haiingilii dini za wenyeji. Anasema hapa kila mtu yuko huru na dini yake."

"Mwambie ndicho ninachokitaka," mama alisema.

Karani alimtazama, hakulifasiri. Alimwambia mazungumzo yamekwisha.

Mama alirudi Bonde. Mdogo wangu alivutwa kutoka mgongoni kwake kwenye kituo cha mabasi, na shangazi ndiye aliyemvuta, huku akilia yeye mwenyewe. Ziwa la mama lilijaa njia nzima hadi Muheza. Hili aliniambia baadaye.

Kule walimpokea vizuri. Bibi alikuwa bado hai, lakini nyumba waliyokaa ilikuwa ya mwalimu, na mwalimu amekufa, kwa hiyo ilikuwa ya misheni. Shule ilihitaji mtu wa kuwafundisha wasichana wadogo kusoma na kushona, na mama alisoma kwa baba yake hadi akamaliza vitabu vyote vilivyokuwepo. Wazee wa kanisa walifurahi. Walimwambia nafasi ni yake, na nyumba watabaki nayo yeye na mama yake. Kilichotakiwa ni kidogo tu. Jumapili asimame mbele ya watu aseme alikuwa amepotea na sasa amerudi.

"Nimerudi kwa baba yangu," mama aliwaambia. "Sikusema nimerudi kanisani."

"Ni maneno tu, binti," alisema mmoja wao, aliyemfundisha mama hesabu utotoni. "Nani atakudhuru kwa maneno?"

Mama aliniambia kwamba alicheka mbele yao, na wakadhani ana kiburi. Alikuwa amekumbuka sauti ya kadhi. Nafasi alipewa mwingine, na bibi akahamia kwa mdogo wake Lushoto. Kwa hiyo nisimlaumu ami peke yake. Ami alikuwa na tamaa ya nyumba, lakini wazee wale hawakuwa na tamaa ya kitu, walikuwa watu safi, na walimfikisha mama pale pale.

Nataka hapa twende polepole, wewe unayenisoma, kwa sababu nimefundisha watoto miaka mingi na najua jambo hili hupita masikioni. Ukiwauliza watu uhuru wa dini ni nini, watakwambia ni mtu kwenda msikitini au kanisani bila ya kuzuiwa. Mama hakuzuiwa kwenda popote. Milango yote miwili ilikuwa wazi, na kwenye kila mlango alisimama mtu mpole akimwomba aseme maneno machache. Lakini tazama kilichofungwa. Nyumba ilifungwa. Kazi ilifungwa. Kulea mwanawe kulifungwa, na kunyonyesha. Kusikilizwa kwangu barazani kulifungwa, na mimi sikuwa hata nimeshtakiwa. Kumlilia baba yake mzazi ndiko kulikoanzisha yote. Haki hizi si mikeka iliyokunjwa kila mmoja peke yake, ukaazima mmoja ukaacha mingine. Ni ukili mmoja, utepe uliosukwa kwa majani ya ukindu. Ukimruhusu mtu aingize kidole kwenye moyo wa mwenzake amkague, mkono wake hautaishia moyoni. Utashuka hadi mfukoni, hadi kitandani, hadi kwenye chungu.

Miaka ile ile ndiyo neno uhuru lilipoanza kusikika Tanga. Ami alikuwa mtu wa mbele kwenye mikutano. Alirudi jioni sauti imemkauka, akiketi kwenye baraza ya nyumba yetu, ambayo vyumba vyake alikuwa ameshavipangisha, akiwaeleza vijana kwamba hakuna binadamu aliyeumbwa amtawale binadamu mwenzake. Alieleza vizuri sana. Nilimpelekea maji ya kunywa na nikasimama kumsikiliza, na nilikubaliana na kila neno.

Mama alipata kibarua cha kuanika katani kwenye shamba moja la mkonge njia ya kwenda Pangani. Kambini kulikuwa na watu wa kila kabila na kila dini, na jioni walikuwa wamechoka mno kuulizana. Alikaa chumba kimoja na mwanamke wa Kimakonde, mama akiswali upande wa mlango, mwenzake akivuta tumbaku kwa buruma upande wa dirisha. Alisema hajawahi kuishi mahali penye raha kama pale. Aliyasema hayo mikono yake ikiwa imechanika kwa nyuzi.

Alikuja kututazama kila alipopata nafasi. Kwa mlango wa mbele hakukaribishwa, akawa anaingia kwa mlango wa uani, anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anazungumza nami huku nikiosha vyombo. Shangazi hakumfukuza. Alimpa maji, wakati mwingine chakula, na walizungumza habari za bei ya samaki kama wanawake wanaokutana sokoni.

Mdogo wangu alikuwa mkubwa sasa, anakwenda chuoni kusoma juzuu, naye alimwita shangazi mama. Siku moja mama alikuja na ndizi mbivu. Mtoto alisimama nyuma ya shangazi, ameshika kanga yake.

"Mwamkie mgeni," shangazi alisema.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mama alisema. Mwanangu kila mtu mzima humwita hivyo mtoto yeyote, kwa hiyo halikumshtua.

Nilimsindikiza mama hadi njia panda. Nilikuwa nimejaa. Nilimwambia leo leo nitamweleza mtoto yeye ni nani, kwamba si haki, kwamba mimi sitanyamaza tena. Mama alisimama, akanishika kidevu kwa vidole vyake vikavu.

"Usimwambie."

"Kwa nini?"

"Sasa hivi yeye ni mtoto wa watu. Hamna anayemuuliza kitu. Ukimwambia ni mtoto wa msilimu aliyetoka, kesho wataanza kumpa maneno ayaseme." Alitengeneza ukaya wangu kichwani. "Mwache ayaseme kwa kupenda kwake."

Sikukubaliana naye, na sijakubaliana naye hadi leo. Lakini nilimtii.

Niliporudi, mdogo wangu alikuwa ameketi juu ya kile kinu anakula ndizi, miguu inaning'inia.

"Yule mgeni atakuja tena lini?" aliuliza.

Nilimtazama shangazi. Shangazi alikuwa na ungo mapajani. Hakuinua kichwa, aliendelea kuchagua mchele.